Nyumba ya milioni 58 Mikanjuni: je, kodi italipa mkopo?

SWALI

Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mfanyabiashara wa duka hapa Muheza. Dalali ameniletea nyumba Mikanjuni, Tanga mjini. Ni nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani kuna jiko, vyoo viwili na bafu. Mbele, upande wa barabara, kuna fremu mbili. Muuzaji anataka shilingi milioni 58.

Dalali amenipigia hesabu hivi: vyumba sita kwa 50,000 ni laki tatu, fremu mbili kwa laki moja moja ni laki mbili, jumla laki tano kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni sita, kwa hiyo miaka tisa na miezi kadhaa pesa yangu yote imerudi. Mkononi nina milioni 40. SACCOS yetu iko tayari kunikopesha milioni 20 kwa miaka mitano, riba asilimia 16 kwa mwaka, marejesho 486,000 kwa mwezi. Dalali anasema kodi ni laki tano na rejesho halifiki laki tano, kwa hiyo nyumba inajilipia yenyewe. Na ati bomba la mafuta la Chongoleani likianza kazi, kodi zitapanda mara mbili.

Nilipokwenda kuangalia, mpangaji mmoja aliniambia kila chumba ni 40,000, na kwamba wote, pamoja na fundi cherehani aliye kwenye fremu, wamekwishalipa mpaka Desemba. Fundi huyo analipa 80,000. Fremu ya pili imefungwa. Chumba cha sita anakaa mdogo wake muuzaji, halipi kitu. Bati zina kutu na shimo la choo limejaa. Fundi wangu amekadiria milioni nne na nusu kuvirekebisha. Dalali anataka asilimia 3 kutoka kwangu. Hati ipo, ila ina jina la marehemu baba yao. Wanataka tuandikishane mwisho wa mwezi huu wa Agosti.

Nina pia kiwanja Kange, mita 20 kwa 20, barua ya toleo ninayo. Ninunue hiyo nyumba, au nijenge Kange vyumba vya masta vya kupangisha?

Bi. S., Muheza

JIBU

Waalaykumu salaam, Bi. S.

Dalali amezidisha vizuri, lakini namba alizozizidisha hazipo ndani ya nyumba ile. Wewe mwenyewe umezileta namba halisi kwenye barua yako: vyumba vitano vinavyolipa 40,000 ni laki mbili, ongeza 80,000 ya fundi cherehani. Leo hii nyumba inaingiza 280,000 kwa mwezi. Laki tano ni kodi ya matumaini, na matumaini huwezi kuyapeleka SACCOS tarehe ya rejesho ikifika.

Tusiwe wagumu kupita kiasi lakini. Tuseme mdogo mtu amehama, fremu ya pili imepata mtu kwa 80,000 kama jirani yake, na vyumba vyote vina watu. Hapo unapata 240,000 za vyumba na 160,000 za fremu, jumla laki nne kwa mwezi, milioni 4.8 kwa mwaka. Hicho ndicho kiwango cha juu unachoweza kukitetea kwa ushahidi. Sasa tuanze kukitoa.

Kwanza miezi mitupu. Hakuna nyumba ya vyumba iliyojaa miezi kumi na miwili. Mtu anahama, chumba kinapakwa rangi, dalali analeta watu wanaoangalia na kuondoka. Kwa chumba cha uswahilini hesabu mwezi mmoja mtupu kwa mwaka. Kwa fremu hesabu miwili, maana biashara ndogo hufa haraka na fremu hukaa wazi kuliko chumba, kama hiyo ya pili inavyokuonyesha. Mwezi mmoja wa vyumba vyote ni 240,000, miezi miwili ya fremu zote mbili ni 320,000. Inabaki 4,240,000.

Pili, serikali. Kodi ya mapato ya pango kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya kodi unayopokea, na inatozwa kabla hujatoa gharama yoyote. Hapo ni 424,000. Fremu ikipangwa na kampuni, itakukata hiyo asilimia 10 yenyewe na kukupa cheti cha zuio. Kwa wapangaji wa vyumba, wewe ndiye utakayefuatilia TRA. Wenye nyumba wengi hawaiweki kwenye hesabu kwa sababu hawailipi, na siku wakidaiwa ya miaka mitatu kwa mpigo, faida yote ya miaka hiyo inakwenda. Kodi ya jengo ni ndogo: 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, inakatwa 1,500 kila mwezi kwenye LUKU. Hii ni ya mwenye nyumba ingawa anayekatwa ni aliyenunua umeme, kwa hiyo mpangaji akikutaka umpunguzie kwenye kodi ana haki. Kodi ya ardhi inategemea ukubwa na matumizi ya kiwanja. Tazama risiti ya mwisho ya muuzaji. Mimi nimeweka 30,000 ili hesabu isimame.

Tatu, nyumba yenyewe inakula. Kwa nyumba kongwe iliyo karibu na bahari weka kila mwaka asilimia 1 ya bei, yaani 580,000. Mwaka mwingine hutatumia hata nusu, mwaka mwingine utatumia mara tatu. Ndiyo maana unaiweka kila mwaka. Gari la kunyonya majitaka mara mbili kwa mwaka kwa nyumba yenye kaya sita na fremu, weka 140,000, kisha uliza bei ya sasa mtaani. Na kwa kuwa wewe uko Muheza, lazima awepo mtu wa kukusanya kodi, kupokea simu za bomba lililopasuka na kuonyesha chumba kitupu. Elfu ishirini kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Usijidanganye kwamba utafanya mwenyewe bure. Nauli na siku ya duka kufungwa ni pesa vilevile.

Jumla ya vyote hivyo ni 1,432,000. Inayobaki mkononi ni 2,808,000 kwa mwaka, yaani 234,000 kwa mwezi. Namba hii, 234,000, ndiyo utakayoilinganisha na kila kitu kinachofuata.

Linganisha na rejesho la SACCOS kwanza. Marejesho 486,000, nyumba inaleta 234,000. Kila mwezi utaongeza karibu 252,000 kutoka dukani, kwa miezi 60, jumla kama milioni 15. Na hata tukimpa dalali namba zake zote, vyumba 50,000 na fremu laki, ukitoa miezi mitupu na gharama zilezile utabaki na kama milioni 3.76 kwa mwaka, wakati marejesho ya mwaka ni milioni 5.83. Nyumba haijilipii, hata kwa hesabu ya anayeiuza.

Hapo nimeamini kwamba 486,000 ni sahihi. Milioni 20, miaka mitano, asilimia 16 inayohesabiwa juu ya salio linalopungua, inatoa 486,361 kwa mwezi, kwa hiyo waliyokutajia inalingana. Lakini waombe wakuchapie ratiba ya marejesho yote 60 kabla hujasaini. Zipo taasisi zinazotaja asilimia hiyohiyo kwa riba isiyopungua, ambapo kila mwaka unatozwa asilimia 16 ya milioni 20 yote hata kama umekwisha kulipa nusu. Kwa namna hiyo riba peke yake ni milioni 16 na rejesho linakuwa laki sita. Uliza na ada ya kuomba mkopo, bima ya mkopo, na kiasi cha hisa au akiba wanachozuia.

Sasa gharama ya kununua, maana milioni 58 si bei utakayolipa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, yaani 580,000. Wakili, upekuzi, uthamini na ada za kusajili uhamisho, nimeweka 1,200,000. Dalali asilimia 3 ni 1,740,000. Bati na choo milioni 4.5. Ukijumlisha unafika milioni 66.02. Una milioni 40 na mkopo wa 20, kwa hiyo umepungukiwa milioni sita kabla hujapokea hata kodi ya mwezi mmoja. Wanunuzi wengi hukwama hapa: nyumba imenunuliwa, pesa imekwisha, bati hazijabadilishwa, masika yanaingia, wapangaji wanahama.

Gawanya 2,808,000 kwa 66,020,000: unapata asilimia 4.25 kwa mwaka. Ukiamini laki tano za dalali, asilimia 5.7. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapo hapo Tanga, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa pesa kwa wananchi na taasisi, ya miaka kumi yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na sasa inauzwa na kununuliwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Milioni 40 zako kwa kiwango hicho ni milioni 5.4 kwa mwaka, laki nne na nusu kwa mwezi, bila choo kujaa. Ukinunua leo sokoni, bei inaweza kuwa juu au chini ya thamani ya awali, na faida yako halisi itabadilika kufuata bei hiyo. Wakala wa soko la hisa atakupa namba ya siku.

Utasema nyumba hupanda bei na hatifungani haipandi. Kweli. Milioni 40 za hatifungani baada ya miaka kumi zitarudi zikiwa milioni 40 zilezile, na hapo zitanunua saruji kidogo kuliko leo. Lakini ili nyumba ya Mikanjuni ifidie pengo la asilimia 4.25 na 13.5, bei yake inatakiwa ipande zaidi ya asilimia 9 kila mwaka, mfululizo, na siku utakapouza kuna kodi ya asilimia 10 kwenye faida. Inawezekana. Ila ujue hapo unachokinunua ni dau la bei ya ardhi, na kodi za wapangaji ni nyongeza tu. Kuna watu wanataka nyumba ili watoto warithi, au kwa sababu pesa taslimu ndugu huziomba zikaisha. Hizo ni sababu halali kabisa. Zitaje kwa jina lake, usizifiche nyuma ya hesabu ya miaka tisa.

Na bomba? Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani. Kazi ya namna hii hukusanya watu wengi wakati wa kuchimba, kuchomelea na kujenga matangi. Likishaanza kupitisha mafuta linaendeshwa na mafundi wachache. Wakati mzuri wa kodi ni wa ujenzi, na huo haukungojei uandikishane. Tena wahandisi hawapangi chumba cha uani chenye choo cha pamoja Mikanjuni. Wanaopanga huko ni vibarua wa bandarini, bodaboda, mama lishe, walimu wanaoanza kazi. Kama unataka sababu ya kuitumainia Tanga, itazame bandari, iliyochimbwa kina mpaka mita 13 na kupanuliwa gati zake, kwa sababu meli zikiongezeka kazi za kila siku za watu kama hao nazo zinaongezeka. Hata hivyo usiongeze shilingi moja kwenye hesabu kwa jambo ambalo halijaonekana kwenye mkataba wa mpangaji.

Nikirudi kwenye nyumba yenyewe. Mambo mawili ya barua yako yananitia wasiwasi kuliko bati.

La kwanza ni hati ya marehemu. Muuzaji, hata awe mtoto mkubwa na hati iko mkononi mwake, hana cha kukuuzia mpaka awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Akiwa ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu Namba IV. Omba nakala, kisha nenda mahakamani ukaithibitishe kwa namba ya shauri. Peleka namba ya hati Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, fanya upekuzi rasmi, uone kama kuna rehani, zuio au jina jingine. Baada ya uteuzi, hati inasajiliwa kwa jina la msimamizi, ndipo inahamishwa kwako. Sasa mtazame yule mdogo mtu wa chumba cha sita. Huyo si mpangaji anayekwepa kodi, yumkini ni mrithi, na chumba kile anakihesabu kuwa fungu lake. Asiposaini muhtasari wa kikao cha warithi kukubali kuuza, pamoja na mjane kama yupo na ndugu walioolewa mbali, utanunua kesi. Mtu wa kwanza wa kuzungumza naye kabla ya wakili ni huyo. Akikuambia "mimi sijui habari ya kuuzwa nyumba", okoa nauli yako.

La pili ni kodi iliyokwisha liwa. Wapangaji wamelipa mpaka Desemba, na pesa anazo muuzaji. Ukichukua nyumba mwisho wa Agosti utafuga wapangaji Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba bila kupokea kitu. Miezi minne kwa 280,000 ni 1,120,000, na hiyo itolewe kwenye bei. Kusanya mikataba au risiti za kila mpangaji, kila mmoja aandike amelipa mpaka lini, muuzaji asaini pembeni. Bila karatasi hiyo, Januari utaambiwa na watu watano kwamba wamelipa mpaka Juni.

Ukaguzi nitaupitia haraka, ila usiende na fundi yule yule anayetegemea kupewa kazi ya ukarabati. Ingia darini saa sita mchana: panapopenya mwanga ndipo mvua itakapopenya. Upepo wa chumvi huanza kula bati kwenye misumari na pale bati zinapolaliana. Kwa paa la nyumba kama hiyo hesabu bati 65 hadi 70 za mita tatu. Nunua geji 28, kwa sababu geji 30 ni nyembamba na kwa hewa ya Tanga utarudi dukani mapema. Kama hardware wanauza 35,000, bati 70 peke yake ni 2,450,000, bado mbao, misumari na ufundi. Kwa hiyo milioni 4.5 ya fundi wako, pamoja na choo, haina nafasi ya kuongezeka. Mbao zikikutwa na mchwa imekwisha.

Kisha tazama nusu mita ya chini ya kuta. Rangi ikibanduka na unga mweupe ukitoka, ni chumvi: ama msingi hauna kizuizi cha unyevu, ama walipiga plasta kwa mchanga wa pwani. Kupaka rangi mpya ni kupoteza rangi. Plasta ya sehemu hiyo inabanduliwa, ukuta unakaushwa, inapigwa upya kwa mchanga wa mtoni. Ufa unaofuata mstari wa linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) na kuacha doa la kutu maana yake nondo za ndani zimeanza kuvimba, na hilo ni la bei nyingine kabisa.

Umeme: nunua LUKU ya elfu tano kwa mita ile, muuzaji akiwapo. Risiti itaonyesha kilichokatwa. Kama kuna deni la kodi ya jengo litajitokeza hapo. Mita moja kwa kaya sita huleta ugomvi kila wiki, tena inaitoa nyumba kwenye bei ya wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Weka mita ndogo kwa kila chumba, kila mmoja alipe alichotumia. Maji: omba bili ya mwisho, soma dira siku ya makabidhiano, piga picha namba.

Sasa bei. Ukitaka faida halisi ya asilimia 7, gawanya 2,808,000 kwa 0.07: gharama yote isizidi milioni 40.1. Toa milioni 4.5 ya ukarabati na 1.2 ya wakili na ada, inabaki 34.4, gawanya kwa 1.04 kwa ajili ya stempu na dalali, unapata milioni 33. Kwa bei hiyo milioni 40 zako zinatosha bila mkopo. Ukiridhika na asilimia 6, mwisho wako ni milioni 39, jumla yote milioni 46 na kidogo. Hapo utakopa milioni 7, rejesho kama 170,000 kwa mwezi, na 234,000 za nyumba zinalimudu. Huo ndio mkopo ambao nyumba hiyo inaweza kuubeba.

Muuzaji atacheka ukitaja 33. Acha acheke, kisha mwekee mezani fremu iliyofungwa, kodi ya 40,000, miezi minne aliyokwisha kula, bati na choo. Anza na 33, usivuke 39. Akishikilia 58, mwachie nyumba yake.

Kange nitakujibu kwa ufupi. Vyumba viwili vya masta vyenye sebule na jiko dogo, mita za mraba 38 kila kimoja, vikichangia ukuta, ni mita 76. Kwa 450,000 kwa mita, ujenzi wa kawaida usio na mapambo, ni milioni 34.2. Shimo na karo la choo 2.3, kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji, umeme na maji 1.5. Jumla milioni 38. Vikipangwa kwa 130,000 kila kimoja, ukitoa mwezi mmoja mtupu, kodi ya asilimia 10, matengenezo madogo, majitaka na mwangalizi, unabaki na kama 2,066,000 kwa mwaka, sawa na asilimia 5.4. Ukihesabu na thamani ya kiwanja, tuseme milioni 8, inashuka mpaka 4.5. Kwa hiyo Kange si muujiza. Ubora wake ni kwamba huna deni, huna mirathi ya watu, bati ni mpya, na unaweza kujenga kimoja, ukipangishe mwaka mzima, ndipo uone kama 130,000 yenyewe ipo. Tembea kwanza mitaa ya karibu na stendi, uulize wapangaji, siyo madalali, wanalipa ngapi na chumba kilikaa kitupu muda gani kabla hawajaingia.

Kama ningepanga mimi: ningepeleka ofa ya 33 Mikanjuni kwa sharti la mirathi kukamilika, na muuzaji akikataa, ningejenga kimoja Kange kwa kama milioni 21, na kiasi kinachobaki ningekiweka kwenye hatifungani. Lakini ofa ya Mikanjuni ikikubaliwa, usianze Kange. Milioni 40 hazigawanyiki mara mbili.

Kwa nyumba yoyote utakayopangisha, andika mkataba hata wa chumba cha 40,000, ulipie stempu yake, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, maana mkataba usio na stempu hupingwa kama ushahidi. Mpangaji akigoma kulipa usifunge mlango wala kung'oa bati. Mpe notisi ya maandishi, nendeni Baraza la Kata kwa usuluhishi, na likishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Inachukua muda, na ndiyo sababu nyingine ya kuweka akiba ya angalau miezi mitatu ya kodi kando.

Na hiyo tarehe ya mwisho wa Agosti si yako, ni ya dalali. Usitoe advansi yoyote kwake wala kwa muuzaji kabla ya upekuzi na Fomu Namba IV. Ukifika wakati wa kulipa, pesa ipite benki, kwenye akaunti ya msimamizi wa mirathi kwa jina lililo kwenye fomu, na wakili awe na hati mkononi siku hiyo hiyo.